Mstari wa Arobaini na Moja

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, mvua ya rasharasha. Stesheni ya Soga ilijaa abiria wa treni ya umeme. Twalibu, mkufunzi wa kompyuta katika chuo kimoja cha Tumbi, aliliona kwanza gauni la kitenge cha samawati, kisha kompyuta mpakato iliyokuwa magotini mwa mwenye gauni.

"Dada, programu yako inatafuta faili kwenye mashine ya nani?"

"Na wewe kaka, macho yako yanatafuta nini kwenye skrini yangu?"

Twalibu alicheka, akaketi. Alimwonyesha kwamba programu yake, iliyoandikwa kwa lugha ya C, ilitaja njia kamili ya faili, kuanzia mwanzo wa diski ya kompyuta ya ofisini. Hapo stesheni njia hiyo haikuwepo.

"Andika jina la faili tu. Programu italitafuta kwenye folda ilikoanzishiwa. Njia kamili ni ushamba."

"Haya, Ticha," alisema yule dada, jina lake Tunu, akibenua midomo.

Treni ilipofika walikuwa wamekwisha kupeana namba. Katika miezi mitano Twalibu alifika nyumbani kwao Kibuta mara tatu kumwamkia mama yake Tunu, na kila mara alikula kisamvu hadi akalegeza mkanda. Barua ya posa ilikuwa tayari mezani kwake.

Ndipo ghala moja la korosho la Kisarawe lilipompa Tunu kazi ya majaribio. Programu yake ya kusoma uzito wa magunia ikikubali mbele ya bodi, angeajiriwa. Alimpa Twalibu flashi.

"Nikagulie tahajia tu, mpenzi. Kingine usiguse."

Kwenye mstari wa arobaini na moja Twalibu aliikuta njia kamili. Alitabasamu, akaifupisha ikabaki jina la faili. Hakusema. Aliihesabu kuwa zawadi.

Jumatatu simu iliita.

"Twalibu, imeandika faili halijapatikana! Mbele ya watu saba! Nikiianzisha mwenyewe ndani ya folda yake, inakubali. Mashine ikiwaka na kuianzisha yenyewe, inakataa."

Twalibu aliketi. Alielewa palepale: mashine ya ghala iliianzisha programu kutoka folda nyingine, ambako faili halikuwepo.

"Nina hadi Ijumaa kueleza kosa, la sivyo wanamchukua Jenifa, tunayeshindania naye kazi hii. Nimekosea wapi, Ticha?"

"Pole, mpenzi. Labda... ni mashine yao."

Jumanne hakupokea simu. Jumatano alipokea, akafungua mdomo, akalikumbuka neno ushamba, akaufunga. Alhamisi alituma ujumbe: "Nakuombea." Ijumaa ikapita.

Jumapili Tunu alifika Tumbi na gauni lilelile la samawati. Hakuketi.

"Nimelinganisha flashi na nakala yangu. Mstari wa arobaini na moja. Ile njia kamili niliiweka makusudi."

"Nilitaka kukusaidia, mpenzi wangu."

"Kuifuta nakusamehe. Jumatatu nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

Twalibu alimsogezea kiti.

"Nijibu, mwalimu."

"Nilijua."

"Siku tano nimejiona mjinga, Twalibu. Na wewe unaniombea!"

"Tunu, barua ya posa hii hapa..."

"Iache hapohapo."

Jenifa alianza kazi siku iliyofuata. Tunu aliirudisha njia kamili, akaiacha programu ya ghala ikifanya kazi, akaenda kutafuta ajira Mlandizi. Mama yake alimrudishia Twalibu doti ya khanga aliyokuwa amemletea, ikiwa bado kwenye mfuko wake. Twalibu alifundisha somo la njia za faili Jumatano hiyo, saa nzima, na neno ushamba hakulitamka.