Kisanduku cha Mdogo Wake

Haya yalimkuta rafiki yangu, dada mmoja anayewapangia kazi mafundi wa lifti, na si mwoga hata kidogo. Mchana ule wenzake walikuwa wametoka kula, akabaki peke yake katika ofisi ya chini ya ardhi isiyo na dirisha. Alikuwa akitengeneza ukurasa wake kwenye programu ya kazi, kila fundi na kisanduku chake cha kuonyesha alipo. Alipomaliza cha mdogo wake, naye fundi, kikaandika: "Amefika ofisini."

Mara umeme ukakatika. Gizani akasikia viatu vikiburuzwa kwenye korido na spana zikigongana mkobani, mwendo wa mdogo wake kabisa. Akampigia simu amtanie.

"Wewe, mbona unaburuza miguu kama kizee?"

"Miguu gani, dada? Mimi bado niko kwa mteja, ghorofa ya tisa."

Hatua zikasimama mlangoni.

"Usikate simu," akanong'ona.

"Sikati, dada," mdogo wake akajibu simuni.

Na nyuma ya mlango, sauti ile ile ikasema taratibu, "Sikati, dada."