Hoteli Isiyo na Moshi

Nyama ilinukia hadi barabarani, lakini jiko la hoteli ile halikuwa na moshi. Obonyo, konda wa basi la Kisumu, aliliona hilo akalipuuza. Jamani, alikuwa amechoka! Alikesha na mama yake wodini Nairobi, na sasa mama huyo, shali kichwani, alikuwa kwenye kiti cha nyuma ya dereva, anarudishwa nyumbani Ahero, wajukuu wamemngoja mwezi mzima.

"Ile hoteli yetu imefungwa," alisema Weldon, dereva, akiegesha kwenye ukungu mbele kidogo ya Kedowa. "Tukule hapa."

Kila msafiri anajua: dereva na konda wakileta abiria hotelini, wao hulishwa bure chumba cha nyuma. Mwenye hoteli, mwanamke aliyejifunika kitenge hadi puani, aliwapokea mlangoni.

"Konda, mmekuja wangapi?"

"Gari imejaa, mathe!" Obonyo alijibu kwa kujisifu, kama makonda wote.

"Basi nyinyi hamlipi."

Nyama ilikuwa laini, ila haikuwa na chumvi hata chembe. Obonyo akaomba.

"Chumvi hatuweki hapa," mwanamke alisema polepole, akatoka.

Weldon alikuwa anasinzia juu ya sahani. Obonyo alitafuna, akasikiliza, kisha akaacha kutafuna, kwa maana ukumbini walikokaa abiria hapakusikika kijiko, wala kikohozi, wala mtoto kulia, kimya tu, na joto lililopenya ukutani likamgusa mgongo.

Walitoka mbio. Abiria walikuwa wamesharudi garini, wamejikunyata kimya. Kiti cha mama kilikuwa kitupu.

"Labda ameenda choo," Weldon alinong'ona. "Harakisha, hapa sipapendi."

Obonyo alirudi akipapasa ukungu, akiita, sauti ikimezwa na mashamba ya majani chai yaliyozunguka hoteli, hadi akamwona mtu amesimama peke yake kando ya njia, shali ya mama kichwani, ameinama. Alimshukuru Mungu. Akamshika mkono. Ulikuwa wa moto.

"Homa imerudi, Mama?"

Akatikisa kichwa kukubali. Obonyo akampandisha, akamfunika koti lake mwenyewe.

Walipokaribia Kericho simu yake ililia. Kioo kiliandika: Mama.

"Nyathina, mwanangu," sauti ilitetemeka kwa baridi, "mbona mmeniacha? Nimetoka kujisaidia, hakuna gari, hakuna hoteli. Ni majani chai tupu hapa."

Obonyo alimwinamia dereva. "Weldon," alinong'ona, "simamisha gari. Tafadhali."

Weldon aliinua macho kwenye kioo cha ndani, akatazama kiti cha nyuma yake, akaanza kulia kama mtoto huku mguu wake ukizidi kukanyaga mafuta.

Harufu ya nyama ilijaa basi zima. Aliyevaa shali ya mama aliinama mbele, akamwekea Obonyo mkono wa moto begani.

"Konda," akasema polepole, "nyumbani mko wangapi?"