Mpira Mrefu wa Atuganile

Kila alfajiri Atuganile, mwanafunzi wa darasa la sita kijijini Kawetele, alimsaidia baba yake, Mzee Amoni, kukamua ng'ombe kabla ya kwenda shule. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa maziwa walikuwa wameanza kupita vijijini. Mmoja wao, Bwana Zubery wa Tukuyu mjini, alitoa sharti: maziwa yapoe hadi nyuzijoto nne, la sivyo hayachukui.

"Nne? Binti yangu atafikisha hata tatu!" Mzee Amoni alijigamba kwa majirani.

Atuganile akapiga hesabu. Maziwa yakipita ndani ya mpira wa maji uliozamishwa kwenye kijito cha kijiji, kila mita itapunguza joto kidogo. Kwenye karatasi, nne ilipatikana bila shida.

Jumamosi alijaribu kwanza kwa maji ya uvuguvugu, asije akaharibu maziwa. Alipoyapima kwa kipimajoto, yakatoka na nyuzi kumi na nne.

"Mpira mfupi," alisema. Akaazima wa Bibi Elina, jirani yao, akauunganisha. Kumi na nne. Akaazima wa kanisani. Kumi na nne vilevile! Sasa mpira ulijikunja kijitoni kama chatu, na akina mama waliokuwa wakifua wakatoka mbio wakipiga kelele. Atuganile akakitikisa kipimajoto. "Wewe, amka!"

Mwalimu Veronika wa shuleni kwao alikuwa akipita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unagombana na kipimajoto?"

Atuganile akamweleza. Mwalimu akauliza, "Maji ya kijito umeyapima?"

Akayapima. Kumi na nne.

"Sasa, maziwa yatapata wapi ubaridi ambao kijito chenyewe hakina?"

Atuganile akaketi kwenye jiwe. Mzee Amoni alipofika na kusikia, alishika kichwa. "Nimeshatangaza kijiji kizima! Mwambie Zubery ni nne, basi."

Lakini Bwana Zubery alipokuja baadaye siku hiyo, Atuganile alisema, "Kijito chetu kinafikisha kumi na nne, mzee. Nne hakiwezi, hata mpira ufike Mbeya."

Zubery akacheka sana. "Wengine wote wananiambia nne, nikifika mjini maziwa yamechacha! Barafu ninayo garini, ila maziwa ya moto huimaliza yote. Nyie nipoozeeni hadi kumi na nne, barafu itamalizia."

Wakakubaliana hapohapo.

"Jibu likigoma," Mwalimu Veronika, aliyekuwa bado pale, alimwambia Atuganile, "usiongeze mpira tu. Uliza kwanza kama unachotaka kinawezekana. Kisipowezekana, sema ukweli mapema, mtafute njia nyingine."

Mzee Amoni, akivuta mpira wa kanisa kutoka majini, aliguna. "Na mimi niache kuahidi kwa niaba ya kijito."