Mwanahamisi na Korongo la Nyuma ya Jiko

Mwanahamisi wa Mikelenge, mjini Kindu, alikuwa msafi kupita kiasi. Kukipambazuka tu, majirani walisikia ufagio wake: shwa, shwa, shwa. Na Jumamosi, siku ya salongo, Kindu yote ilipotoka kufanya kazi ya pamoja, yeye aliparua kila jani kiwanjani kwake. Udongo mwekundu ulibaki uchi, laini kama upara wa mzee.

"Citoyenne Mwanahamisi!" mkubwa wa barabara, kiongozi wa mtaa wao, alimsifu. "Kwako hata nyoka anaona haya kupita!"

Lakini kiwanja kilikuwa kwenye mteremko. Maji ya mvua yalichimba kijifereji. Kijifereji kikawa shimo, shimo likawa korongo. Mwanahamisi alilijaza takataka na mchanga. Mvua moja tu, vyote vikaenda mto Lualaba. Sasa korongo lilikaribia ukuta wa jiko.

"Mama Aziza, nyumba hii imekwisha," mume wake akamwambia. "Tuhamie kule Kama, kwenye machimbo. Nitachimba dhahabu."

"Nyumba niliyokanyaga matope yake kwa miguu yangu mwenyewe? Nenda wewe na dhahabu yako!"

Alisema hivyo kwa kicheko, lakini usingizi ulimpaa.

Asubuhi akaja jirani yake, Mama Kavugho, mke wa mfanyabiashara wa Butembo. Alikuja kuomba moto. Akamkuta Mwanahamisi ameinama juu ya korongo.

"Mama Kavugho, nani amenitupia uchawi huu?"

"Ngoja kwanza. Kitendawili!"

"Tega."

"Hana meno, hana jembe, anakula mlima."

"Panya?"

"Panya gani huyo wa kula mlima! Nipe mji."

"Haya, chukua Kisangani."

"Nimekwenda Kisangani, nimekula samaki, nimerudi. Ni maji! Na ni wewe njo unayapakulia chakula."

"Mimi?"

"Njo wewe! Tone la mvua likipiga udongo mtupu, linaufumua. Maji yakikimbia, yanaubeba. Tazama Lualaba wakati wa mvua: rangi yake njo rangi ya kiwanja chako. Kule kwetu Butembo milimani, maji yamechonga mabonde makubwa, polepole, tangu zamani za mababu. Udongo yanaoubeba unatua mbali, unakuwa visiwa vya mchanga mtoni. Dunia haikai na sura moja, dada yangu."

"Basi jiko langu litakuwa kisiwa?"

Mama Kavugho akacheka mpaka akashika mbavu. "Hapana! Mizizi ya majani inashika udongo. Kwetu tunachimba mifereji ya kukingama mteremko, si ya kushuka nao. Pembeni tunapanda majani. Maji yanachoka mbio, yanakaa, yanaingia ardhini."

"Majani?" mume akadakia kutoka ndani. "Na nyoka je?"

"Shemeji, yakate mafupi. Mlangoni fagieni. Mteremkoni acheni."

Wakafanya kazi. Walichimba mifereji ya kukingama, wakapanda majani pamoja na mizizi yake. Ndani ya korongo walisimamisha miti, wakaisuka kwa matawi kama kitunga, ukingo baada ya ukingo.

Mkubwa wa barabara alipopita, akatoa macho. "Citoyenne! Uvivu umekushika?"

"Mvua njo itakujibu, mkubwa."

Mvua ikaja mchana mmoja, kubwa, yenye ngurumo. Mwanahamisi alisimama jikoni, mkono ukutani. Maji yalishuka kwa fujo. Yalipofika mfereji wa kwanza, yakapunguza mwendo. Mfereji wa pili, yakatulia. Yaliyopenya hadi korongoni yaligonga miti iliyosukwa, yakaangusha matope yake pale pale. Ukuta haukutikisika.

Jumamosi ile watu wa barabara nzima walikuja kuomba majani ya kupanda. Mkubwa wa barabara alikuwa wa kwanza, na jembe begani.

Msimu baada ya msimu korongo likajaa udongo mzuri. Mwanahamisi akapanda mboga ya lenga-lenga, yaani mchicha, humo. Siku ya kwanza kuichuma, aliipika kwa mafuta ya mawese. Mume alifuta sahani kwa tonge la mwisho, akaomba tena.

"Baba Aziza," Mwanahamisi akamuuliza, "na kule Kama kwenye dhahabu utakwenda lini?"

"Kama? Nikienda, majani haya atakata nani?"