Mshale wa Gari Jeupe

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kufagia ua, Myriam alikwenda gereji kumsaidia mama yake. Mama Bilonda alikuwa fundi wa magari makuukuu mjini Kolwezi. Myriam, mwenye miaka kumi na miwili, alipanga spana kwa ukubwa, alishika tochi, na aliuliza maswali mpaka mama yake akasema, "Subiri kwanza nikaze nati hii."

Jumamosi moja alifika mgeni kutoka Musumba, Mama Godelieve. Kikundi chake cha wanawake wakulima kilikuwa na mashine ya kusaga mahindi na mihogo, iliyofungwa juu ya tela, ambalo alikuwa amelileta kwa lori. Sasa alitafuta gari la kuivuta kijiji hadi kijiji. Pale gereji palikuwa na magari mawili ya kuuzwa, yote yakiendeshwa kwa magurudumu manne, yote yakiwa na umri kumshinda Myriam. La kijani lilikuwa la dizeli, limekwaruzwa kila upande. Jeupe lilikuwa la petroli, na rangi yake iling'aa.

"Mi ningechukua lile jeupe," alisema Myriam.

"Kwa nini?" mama yake aliuliza.

"Linang'aa," alisema Myriam.

"Basi njoo tuyaangalie chini."

Walitandika katoni, wakalala. Chini ya gari la kijani Myriam aliona mabamba ya chuma yaliyolaliana. Chini ya jeupe aliona springi nene zilizojizungusha.

"Springi hizi hupunguza mitikisiko," Mama Bilonda alieleza. "Mabamba yatakurusharusha, lakini yanavumilia mzigo."

"Na lipi lina nguvu zaidi ya kuvuta?" Myriam aliuliza.

"Hilo hatulijui kwa kutazama. Tutafunga tela kwa kila moja, tushuke kilima kimoja na kukipanda. Mi nitaendesha. Wewe utaandika breki zinavyoshika, dakika za kupanda, na mshale wa joto la injini."

Walichukua njia ya udongo upande wa Musonoi, ambako pikipiki zilipita zimebeba wachimbaji wenye vumbi hadi kwenye nyusi. Breki za magari yote mawili zilishika vizuri. La kijani lilipanda kwa gia nzito, likinguruma, dakika sita nzima, na mshale ulibaki chini ya nusu. Jeupe lilipanda kwa dakika nne tu. Lakini Myriam alikuwa ametoa kichwa dirishani, akitaka kujua magurudumu ya tela yanafuataje yale ya gari kwenye kona. Alipogeuka, walikuwa wamefika juu na mama yake, aliyekuwa amekaza macho barabarani, alikuwa amezima injini. Mshale ulikuwa umelala, hauonyeshi tena joto.

Nafasi moja kwenye karatasi ilibaki tupu. Myriam aliona aibu kusema. Akaandika: *katikati*.

Waliporudi gereji, Mama Godelieve alisoma karatasi taratibu. "Jeupe linawahi kufika juu, na halipati joto sana. Unaiamini karatasi hii, Mama Bilonda?"

"Naiamini."

"Basi nitachukua jeupe. Ukishapita Sandoa, unaweza kwenda nusu siku bila kukutana na gari. Nitakuwa na wanawake wanne, mmoja wao ananyonyesha. Tukiharibikiwa huko, tutalala hapo hapo."

Myriam aliweka penseli chini.

"Mama," alisema, "mshale wa jeupe mi sikuuona. Nilikuwa natazama tela. Niliandika tu."

Mama Bilonda aliichukua karatasi, akalikata neno lile. Uso wake ulionyesha aibu.

"Tusamehe, Mama Godelieve," alisema. "Tunarudi kilimani."

Safari hii Myriam hakuondoa macho kwenye mshale. "Nusu," alisema mwanzoni mwa kilima. "Robo tatu." Walipokaribia juu, sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, umegusa nyekundu."

Mama Godelieve alichagua gari la kijani. "Nitarushwarushwa," alisema, "lakini nitafika." Alimshika Myriam bega, akaenda kukagua tela lake.

Walipobaki wawili, Mama Bilonda aliketi juu ya tairi. "Kutoona hakukuwa kosa kubwa. Ungeandika 'sikuona', tungerudia pale pale. Kosa lilikuwa kuandika usichokijua, kwa sababu watu wangesafiri wakikitegemea. Lakini ulisema ukweli kabla hajaondoka, ingawa ulikuwa mgumu kuusema. Fundi anahitaji hilo kuliko spana."

Myriam aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Mama, kwa nini jeupe lilipata joto?"

"Bado mi sijui," alijibu Mama Bilonda, akimpa tochi. "Injini imeshapoa. Tufungue rejeta tuone kama maji ya kuipoza yapo."