Wembe Usio na Kazi

Kila Jumamosi Kang'ethe, mkata matawi ya mibuni, alinyolewa ndevu na Abdulkarim, kinyozi wa soko la Ruiru. Jumamosi moja Abdulkarim alisimamisha wembe.

"Mzee, nikunyoe nini? Wiki ya tatu hii wembe unapita tu."

Watu walicheka. Kang'ethe alicheka pia. Lakini alijua yale ambayo kinyozi hakuyaona. Alilala usiku kucha na kuamka amechoka. Nguvu za mikono zilipungua. Na kwa mwaka mzima hakuwa na hamu na mke wake, Wakonyo.

"Baba Ngina, nimekukosea?" Wakonyo alimuuliza.

"Hapana, mama."

Angesema nini? Mashamba yalipopimwa upya, aling'oa matoka, yale maua ya mpaka yaliyopandwa na marehemu baba yake. Aliyapanda hatua nne ndani ya shamba la ndugu yake Kagwe. Wazee walisema anayeng'oa matoka hukauka mpaka afe. Sasa aliona anakauka, na aliogopa sana. Alikunywa mizizi michungu kwa siri, akazidi kudhoofika. Mwishowe alimwambia mkewe yote.

"Nakufa, Wakonyo. Laana imenipata."

"Basi ufe ukishaonwa na dresa," alisema Wakonyo, akachukua leso yake.

Munyao, dresa aliyetibu wagonjwa katika zahanati, hakucheka. Alifunga mlango.

"Mzee, uliwahi kuumwa korodani?"

"Nikiwa jeshini Burma nilishikwa na matumbwitumbwi. Zikavimba."

"Sikiza. Korodani hutengeneza kitu kinacholeta ndevu, nguvu na hamu. Pengine zako zimechoka. Lakini sukari na upungufu wa damu pia huchosha mtu. Lazima upimwe. Ukificha ugonjwa, nitakutibuje?"

Katika hospitali ya Thika daktari alimkagua, akapeleka damu na mkojo wake Nairobi. Wiki zile za kungoja zilikuwa ndefu. Majibu yalipokuja, ilionekana kweli amepungukiwa na kile kitu cha korodani. Alianza kudungwa sindano.

"Si dawa ya kila mzee," Munyao alimwonya. "Ni ya aliyepimwa. Na usiache kurudi kuangaliwa."

Miezi minne baadaye wembe wa Abdulkarim ulianza tena kukwaruza. Siku hiyohiyo Kagwe alimkuta kaka yake mpakani, jembe mkononi, akirudisha matoka hatua nne.

"Umeambiwa ufanye hivyo na daktari?" Kagwe aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa mgonjwa tu, sikulaaniwa," Kang'ethe alisema. "Lakini shamba lako nililiiba kweli."