Majivu ya Wodi ya Wazazi

Jumamosi moja ya mwaka 1953, foleni ya bomba la Keko ilikuwa na ndoo nyingi kuliko maji. Somoe, amejifunga kanga nyekundu, alikuwa wa tisa. Wa kumi alikuwa kijana mrefu mwenye kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ikapigika, na mikono yake ilinukia dawa.

"Unanukia wodi," Somoe alimwambia bila kugeuka.

"Kumbe umewahi kulazwa."

"Nimewahi kupeleka uji tu. Wewe dresa?"

"Nafanya kazi hospitali," alisema Shomari.

Hakusema uongo, ila hakusema yote. Shomari hakuwa dresa wa kufunga vidonda. Nyuma ya hospitali palikuwa na tanuri la matofali, na kila asubuhi yeye ndiye aliyechoma bendeji zenye usaha, pamba za damu na ndoo za wodi ya wazazi. Ndani ya ndoo hizo yalikuwamo mazalio, yaani makondo ya nyuma, kwa sababu amri ilitaka kila kitokacho mwilini mwa mgonjwa kichomwe. Naye Shomari, Mzaramo wa kuzaliwa, alijua kwamba kwao zalio huzikwa uani, ili mtoto awe na pa kurudi. Msichana gani wa Keko angemtaka mtu anayeyatia motoni? Kwa hiyo alinyamaza, na akaendelea kunyamaza kwa miezi minne.

Katika miezi hiyo alimbebea Somoe ndoo hadi mlangoni, akamletea sabuni ya kipande, akacheka kila alipotaniwa.

"Dresa wangu, leo umefunga vidonda vingapi?"

"Vyote vimepona. Umebaki wewe."

"Mie siumwi."

"Utaumwa tu, nasubiri."

Bibi yake Somoe, aliyemlea tangu mdogo, alianza kuuliza barua ya posa italetwa lini. Shomari alisema baada ya mfungo. Alimpenda Somoe kweli, na kadiri alivyompenda ndivyo alivyozidi kuahirisha kumwambia.

Ndipo dada yake Somoe akashikwa na uchungu, ukawa mgumu, akapelekwa hospitali. Alijifungua alfajiri mtoto wa kiume, wote wazima. Bibi alimtuma Somoe kulifuata zalio. Nesi akamwambia limekwenda nyuma, kwenye tanuri.

Somoe alizunguka jengo huku ameshika baibui lisiguse tope. Kwenye tanuri alimkuta mtu mwenye aproni ya turubai na fimbo ya chuma, na mtu huyo alipogeuka alikuwa Shomari.

"Unafanya nini hapa?"

"Kazi yangu."

Somoe alizitazama ndoo tatu zilizofudikizwa mchangani, zimeshaoshwa.

"Dada amejifungua. Bibi anataka zalio."

"Nimeshachoma, Somoe. Ndoo za wazazi huwa naanza nazo, sizichanganyi na nyingine."

"Ungejua ni la dada, ungelichoma?"

Hapo angeweza kudanganya, na pengine angepona.

"Ningelichoma. Nikitoa ndoo nje nafukuzwa. Na damu inabeba maradhi, hayaonekani kwa macho."

"Miezi minne nakuita dresa, nawe unaitika."

"Niliogopa utaniacha."

"Kwa kazi nisingekuacha," alisema Somoe. "Nakuacha kwa kuitika."

Akaondoka. Shomari aliumia, lakini moto haukumngoja, akaendelea kutia pamba.

Alipouacha moto wa mwisho ukazima, alikwenda kwenye uzio wa nyuma. Hapo ndipo alipokuwa akizika majivu ya wodi ya wazazi, mbali na majivu mengine. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Majivu ya siku ile yalikuwa bado kwenye karai. Akayatia katika chungu kipya, akafunga kitambaa cheupe, na alasiri akabisha hodi kwa bibi yake Somoe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Majivu. Amri inasema kuchoma, na nimechoma. Majivu hayana maradhi tena."

"Ni ya kitukuu changu peke yake?"

"Hapana. Leo asubuhi walijifungua watatu. Siwezi kuyatenganisha."

Bibi alikipokea chungu, akakipakata.

"Hao wawili ni wa wapi?"

"Sijui. Kwao hakuja mtu kuuliza."

"Basi watarudi hapa hapa," alisema bibi. "Somoe, lete jembe."

Somoe alitoka chumbani na jembe, uso umekaza. Shomari akaaga, akageuka kwenda zake.

"Unakwenda wapi?" bibi alimuuliza. "Hapa kwetu shimo hili huchimbwa na mwanamume wa nyumbani. Baba mtoto yuko Tabora, kwenye reli."

Shomari hakuthubutu kulishika jembe. Alimtazama Somoe, na Somoe hakuliachia.

"Kwa kazi yako unaitwa nani?" Somoe aliuliza.

"Mchoma taka."

"Sema vizuri, Bibi hasikii."

"Mchoma taka wa hospitali."

Masikio ya Bibi yalikuwa mazima. Somoe alimpa Shomari jembe.

"Haya, chimba," alisema. "Na kwenye barua ya posa uandike hivyo hivyo."

Shomari alivua viatu, akaanza kuchimba pembeni mwa ukuta, pale alipoonyeshwa.